Uso wa mtoto na kikombe cha maji: maswali kuhusu vikope

Maswali haya kuhusu vikope, ugonjwa wa macho, niliulizwa na wazazi na walimu kwenye kikao cha shule moja ya msingi wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, kiangazi kikiwa kimekolea. Nimeyafupisha kidogo tu.

Mtoto akiamka na tongotongo, ni mgonjwa?

Si lazima. La usingizi likioshwa linaisha. Anza kuwa na shaka saa nne asubuhi, mtoto yuko darasani, macho mekundu bado yanatoa uchafu, na nzi wametulia kwenye kona za macho wala hawafukuzi. Hilo la kutowafukuza ndilo linaloniuma, maana yake ameshawazoea. Mpelekeni zahanati, kope ya juu igeuzwe. Vikope, au trakoma kama wanavyosema hospitali, huonekana kwa ndani kama punje ndogo nyeupe.

Vinaletwa na nini?

Bakteria. Wanasafiri kwa vidole, kwa khanga moja inayofuta nyuso za watoto watatu, na kwa nzi. Nzi huyo wa machoni anapenda kutaga kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi. Kwa hiyo choo kinahusika na jicho, hata kama mnacheka.

Si huwa yanapona yenyewe?

Yanapona, kisha yanarudi. Yakijirudia miaka na miaka, ndani ya kope hujengeka makovu, kope inajikunja, na nywele zake zinakwangua jicho kila mtu anapopepesa. Bibi anayemwomba mjukuu amng'olee nywele za kope, mara nyingi ugonjwa wake ulianza akiwa na umri wa huyo mjukuu. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofuka kwa vikope hadi mara 4 zaidi ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto wadogo.

Maji yenyewe hatuna. Mnatuambia tuwanawishe watoto nyuso, kwa maji gani?

Swali la haki. Huku mvua ni Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo dumu la lita 20 linachotwa korongoni, na mama analigawa kwa hesabu: ugali, kunywa, mbuzi. Uso hauko kwenye hesabu hiyo. Siku ya kikao niliomba kikombe kimoja cha maji, kile cha chai, nikawaita watoto watano wa darasa la pili. Mkubwa wao akawa anamimina kidogo kidogo kwenye viganja vya wenzake. Wote watano walinawa, na chini ya kikombe yakabaki ya kutosha kumwagia mche wa mwembe. Baba mmoja alisimama kuja kuchungulia kikombe kama sikuongeza maji kwa siri.

Kwa shule, kibuyu chirizi kinatosha: kidumu chenye tundu, kamba na kijiti cha kukanyagia. Shida yake ni nani atakijaza, na hilo mpangiane zamu kabla hamjakifunga.

Watoto wanachekana. Mwenye tongotongo anapewa jina. Tufanyeje?

Hapa nikiri kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii ya kuelimisha kuhusu macho niliwapanga watoto mstarini, wenye nyuso chafu nikawatoa mbele. Kesho yake watatu hawakuja shule. Mmoja alikuwa analelewa na bibi yake, sare yake ni shati moja tu, na mimi nikamwongezea la kuchekwa.

Siku hizi nawafundisha maneno kwanza, bakteria baadaye. Wanakaa wawili wawili na kuigiza: mmoja ana uchafu machoni, mwenzake anamwambiaje? Mwanzoni wote husema, "Wewe, una tongotongo!" na darasa linaangua kicheko. Tunarudia. Baada ya muda mtoto fulani, aghalabu yule mkimya, anasema tu, "Twende tukanawe," na anatangulia yeye. Aliyeambiwa hivyo anakwenda. Na mwenye kuumwa afundishwe kusema mwenyewe, "Mwalimu, macho yananiwasha," bila kungoja aulizwe. Mtoto aliyezoea kufokewa hilo linamchukua wiki kadhaa. Walimu, vumilieni.

Dawa za kugawa kijijini zina kazi gani basi?

Kazi kubwa. Pale ambapo asilimia 10 au zaidi ya watoto wa mwaka 1 hadi 9 wana vikope, kijiji chote humeza azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, mara moja kwa mwaka. Wachanga wa chini ya miezi 6 hupakwa tetrasaiklini ya macho. Mezeni wote. Kaya moja ikikataa, bakteria wana pa kujificha.

Na mdogo wake mwanafunzi, ambaye hajaanza shule?

Huyo ndiye mara nyingi mwenye vikope vingi zaidi. Mwanafunzi amnawishe asubuhi kabla ya uji, kwa kumimina vilevile, wala asitafute khanga ya kumfutia. Kwa jua la Dodoma uso unakauka kabla mtoto hajafika mlangoni.