Je, wajua kwa nini maandishi ya glichi hukatika kwa upande, si kwa juu na chini?

Neno linatokea kwenye kioo, linatulia, halafu ghafla linavurugika. Herufi zinaachia kivuli chekundu upande mmoja na cha buluu upande wa pili, kipande cha katikati kinachomoka kwenda kulia, kisha vyote vinarudi mahali pake kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo glichi. Kipande hicho huchomoka kwa upande karibu kila mara, na sababu yake imo ndani ya zile TV za chogo. Ukiielewa, hutabahatisha tena namba za kuweka kwenye programu ya kuhariri.

Katika mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania na Kenya enzi za antena, picha moja iligawanywa katika mistari 625, na picha 25 zilipita kila sekunde. Hiyo ni mistari 15,625 kwa sekunde, kila mmoja ukichorwa na mwale wa elektroni kutoka kushoto kwenda kulia kwa maikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 64 tu. Karibu 52 kati ya hizo ndizo zilizobeba picha yenyewe. Sasa ishara ikichelewa, mwale unakuwa umeshasonga mbele, na mstari wote unaangukia kulia kwa mahali pake. Kuchelewa kwa maikrosekunde moja kunausogeza mstari 1/52 ya upana wa picha. Kwenye video ya upana wa pikseli 1920, hizo ni pikseli 37 hivi. Mkanda wa video wa VHS uliochakaa ulichelewesha mistari mingi inayofuatana kwa pamoja, ndipo ukaonekana ukanda mzima umehama. Kwenye TV hizo kosa la muda lilikuwa kosa la upande. Picha ilipopoteza mpangilio wa juu na chini, haikukatika vipande bali iliviringika nzima.

Kivuli cha rangi ni ugonjwa mwingine kabisa. TV ya rangi ya chogo ilikuwa na miale mitatu, ya nyekundu, kijani na buluu, iliyopaswa kukutana mahali pamoja. Isipokutana sawasawa, kingo za vitu vyeupe huvuja rangi. Uvujaji huo ulikuwa mdogo, ilhali ukanda ulihama mbali. Ndiyo maana glichi inayoaminika ina vipimo viwili: rangi husogea pikseli chache, ukanda husogea makumi. Anayevipa vyote kipimo kimoja hupata neno lililopakwa rangi ovyo.

Tuitengeneze kwa DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video. Toleo la bure linatosha. Fungua mradi wa 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde. Weka Text+, yaani klipu ya maandishi, kwenye traki ya kwanza ya video, andika neno katikati ya kioo kwa fonti nene isiyo na mikia, na ulikuze lichukue walau nusu ya upana wa kioo. Maliza tahajia, ukubwa na mahali hapo hapo, kwa sababu ukishazalisha nakala kila kosa litasahihishwa mara tatu. Kisha shikilia Alt, au Option kwenye Mac, uvute klipu hiyo kwenda traki ya pili na ya tatu. Hakikisha zote tatu zinaanza fremu moja.

Ya chini ipe nyekundu FF0000, ya kati kijani 00FF00, ya juu buluu 0000FF. Kwenye Inspector, paneli ya mipangilio ya klipu, nenda Settings, na kwa zile mbili za juu badilisha Composite Mode, yaani namna tabaka zinavyochanganyika, iwe Add (kujumlisha). Ya chini iache ilivyo. Neno linapaswa kugeuka jeupe safi, kwa kuwa 255, kiwango cha juu kabisa, ya kila rangi imejumlishwa. Ukiona buluu tupu, traki ya juu bado iko Normal. Ukiona weupe wenye umanjano au uwaridi, mojawapo ya rangi haikuwa safi. Weupe ukikamilika, weka Position X ya nyekundu kuwa −6 na ya buluu kuwa 6. Kushoto utaona nyekundu kisha njano, kulia siani (buluu-kijani) kisha buluu. Ukipenda rangi mbili tu, tumia tabaka mbili: nyekundu na siani 00FFFF.

Sasa ukanda. Chagua klipu zote tatu, bofya kulia, chagua New Compound Clip ili ziwe klipu moja, halafu zalisha nakala mbili juu yake. Hapa wengi hukosea: hukata ukanda kwenye nakala moja na kuuhamisha, huku neno zima likibaki chini yake, hivyo sehemu hiyo ikasomeka mara mbili. Nakala tatu zigawane kioo bila kupishana. Tumia Cropping kwenye Inspector: ya kwanza ipunguze chini kwa pikseli 580, ibaki na mistari 0 hadi 500. Ya pili ipunguze juu kwa 500 na chini kwa 520. Ya tatu ipunguze juu kwa 560. Zikikaa pamoja neno ni zima. Ukiipa ile ya pili Position X ya 37, umeigiza ucheleweshaji wa maikrosekunde moja.

Mwendo ndio unaoharibu kazi nyingi. Ukiweka alama za mwendo, yaani kiifremu, kwa mpangilio wa kawaida, programu hujaza katikati yake, na ukanda unateleza taratibu kama pazia. Hitilafu ya umeme haitelezi. Kata klipu ya ukanda kwa kisu kila baada ya fremu mbili, ambazo ni sekunde 0.08, na kila kipande kipe namba yake: 37, −18, 52, 0, 0, −9. Hizo fremu 12 ni karibu nusu sekunde, zinatosha. Namba zisifuatane kwa mpangilio, na sufuri ziwepo, maana kutulia katikati ya vurugu ndiko kunakolifanya jicho lingoje. Kabla na baada, liache neno limetulia walau sekunde mbili. Lisiposomeka, halina kazi. Kata na sauti kwenye fremu zile zile. Kimya cha ghafla hufanya kazi kuliko mlio wowote wa kupakua.

Mandhari nyeupe huua mbinu hii, kwani kwenye nyeupe rangi zote zimeshafika 255 na Add haina cha kuongeza. Geuza hesabu: tumia siani 00FFFF, majenta FF00FF na njano FFFF00, zote tatu kwa Multiply (kuzidisha). Neno litakuwa jeusi na kingo zitavuja rangi, kama gazeti ambalo sahani zake za uchapaji hazikulingana.

Halafu kuna simu. Video nyingi huhifadhi rangi kwa nusu tu ya sampuli za mwangaza, kwa upana na kwa kimo. Video ya 1920 ikishushwa hadi 640 inapotumwa, mvujo wako wa pikseli 6 unabaki 2, na rangi yake inakuwa na sampuli moja tu. Inaonekana kama uchafu. Kwa video ya kutazamwa kwenye simu anza na 12 hadi 16.

Mimweko ya kioo kizima ni jambo la hatari, hasa nyekundu na buluu zinapopishana. Tarehe 16 Desemba 1997 nchini Japani, sehemu moja ya katuni ya Pokémon yenye mimweko ya rangi hizo mbili, takribani 12 kwa sekunde, iliwapeleka hospitalini watoto zaidi ya 600. WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka mimweko isizidi mitatu kwa sekunde moja. Acha neno livurugike, lakini mandhari isiwakewake.

Mtazamaji aliyekua baada ya Tanzania kuanza kuzima mitambo ya analojia, tarehe 31 Desemba 2012, huenda chenga na mikanda hiyo hazimkumbushi kitu. Yeye anajua king'amuzi wakati wa mvua: picha inaganda na kugeuka viboksi. Hiyo hutokana na video nyingi za kidijitali kugawanywa katika miraba ya pikseli 16 kwa 16. Ili kumwigizia, kata neno kwa juu na chini na kwa pande pia, mipaka yote iwe vigawe vya 16, kama 496 na 560, kisha vigandishe viboksi viwili vitatu kwa fremu 10 huku sehemu nyingine ya neno ikiendelea.