"Mbona Mmesema Mvua Ilikuwa ya Wastani?" Jinsi ya Kusoma Taarifa ya Mwezi

Kila tukitoa taarifa ya hali ya hewa ya mwezi, malalamiko yanafuata. Mkulima anauliza iweje tuseme mvua ilikuwa ya wastani ilhali mazao yake yamenyauka. Mwingine anatuma picha ya kipimajoto cha gari, nyuzi 41, anataka kujua kwa nini sisi tumeandika 34. Ni maswali ya haki, na tunayajibu.

Mwezi hulinganishwa na wastani wa mwezi huohuo, kituo kilekile, kwa kipindi cha miaka 30. Haulinganishwi na mwezi uliopita, wala na kumbukumbu za utotoni. Kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Kile cha 1961 hadi 1990 hakikutupwa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekibakiza kiwe kigezo cha kupimia mabadiliko ya tabianchi ya muda mrefu. Kwa hiyo mwezi uleule unaweza kuwa wa kawaida kwa kigezo kipya na wa joto kupita kawaida kwa kile cha zamani. Taarifa isiyotaja kigezo chake haifai kutegemewa, hata kama imesambazwa na watu elfu.

Upimaji wenyewe hauna mzaha. Mwangalizi hufika kwenye kipimamvua saa ileile kila siku, katika nchi nyingi saa 3 asubuhi. Humimina maji kwenye silinda ya kioo yenye alama, huiweka mahali tambarare, huinama mpaka jicho liwe usawa wa maji, kisha husoma pale maji yalipobonyea katikati, si kingo zilizopanda kwenye kioo. Milimita 1 ni lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba. Siku akikosa kusoma, haruhusiwi kukisia, na anayejaza namba ya kubuni huchukuliwa hatua. Kwa miongozo ya kimataifa, jumla ya mvua ya mwezi haitolewi hata ikikosekana siku 1, isipokuwa maji yake yawe yamepimwa pamoja na ya siku iliyofuata. Kwa joto, wastani wa mwezi haukokotolewi zikikosekana siku 11 au zaidi, au siku 5 mfululizo. Ndiyo maana kuna miezi ambayo kituo chenu hakimo kwenye jedwali. Hakuna kinachofichwa.

Linalotuchosha zaidi ni dhana kwamba wastani ni kiasi ambacho mbingu inadaiwa kila mwaka. Sivyo hata kidogo. Chukua mfano wa hesabu tu: mwezi fulani, miaka 5, milimita 20, 30, 25, 35 na 190. Jumla ni 300, wastani 60. Miaka 4 kati ya hiyo 5 iko chini ya wastani, na hakuna hata mmoja uliokaribia 60! Maeneo makavu ndivyo yalivyo: miaka michache ya mafuriko huuvuta wastani juu, na miaka mingi hubaki chini yake. Mwaka wa namna hiyo si lazima uwe wa ukame.

Na yule mkulima? Huenda naye yuko sahihi, na sisi pia. Milimita 90 zikinyesha kwa siku 2 kisha jua likawaka wiki 3, jumla inasoma vizuri huku mizizi inakauka. Jumla haisemi mvua ilinyesha lini.

Kuhusu gari: kihisio chake kiko karibu na lami na injini. Vipimajoto vyetu hukaa ndani ya kibanda cheupe kinachopitisha hewa, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, mbali na jua la moja kwa moja. Namba hizo mbili hazilinganishiki, tafadhali msizilinganishe.

Anayetaka kupanga kilimo asiishie kwenye jumla. Aulize kituoni mambo matatu: siku zilizopata milimita 1 au zaidi zilikuwa ngapi, kipindi kirefu kabisa bila mvua kilidumu siku ngapi, na vyote viwili huwaje kwa kawaida katika mwezi huo.