Je, wajua kwa nini watu wa Oslo, Norwei, walivaa klipu za kubania karatasi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia?

Mimi kwa miaka mingi nilikuwa najibu hivi: klipu ilibuniwa na Mnorwei, basi wakaivaa kwa fahari ya taifa lao. Sio kweli, na nimeshawasimulia wengi. Anayetajwa ni Johan Vaaler, na hataza, yaani haki ya ubunifu, alipata kweli, Ujerumani na Marekani, mwaka 1901, ila klipu yake haikuwa na ule mkunjo wa ndani unaoshika karatasi vizuri, na haikuwahi kuingia sokoni. Hii tunayoijua sote inaitwa Gem, ilikuwa inauzwa Uingereza kabla ya hapo, na ndiyo watu walivaa. Hadithi ya Vaaler ilikolea baada ya vita, mpaka 1999 Norwei ikatoa stempu ya kumuenzi na klipu iliyochorwa pale ni Gem!

Sasa sababu yenyewe. Wajerumani walivamia tarehe 9 Aprili 1940, mfalme Haakon VII akaishia London, watu wakawa wanavaa alama ya H7, yaani Haakon wa Saba, ikapigwa marufuku. Inasemekana wanafunzi wa chuo kikuu ndio walioanza na klipu. Kazi yake si kubana vitu pamoja? Basi ukiichomeka kwenye kola unasema tumeshikana. Ni kama jirani anapita mlangoni kwako na kanga yenye maneno, mdomo hajafungua, utamshtaki kwa lipi? Na klipu hata maneno haina.

Lakini nguvu yake haikuwa kumuudhi Mjerumani. Fikiria umeme umekatika usiku, hujui ni kwako tu au mtaa mzima, unachungulia dirishani unakuta giza kila nyumba, hapo moyo unatulia maana sasa ni la wote. Ndivyo ilivyokuwa kwa mtu aliyedhani anachukia peke yake, halafu anapanda tramu anakuta watatu wana klipu, na wao wameiona yake. Siwezi kusema klipu ndiyo iliyozaa ule mgomo wa walimu wa 1942, waliogoma maelfu kujiunga na chama cha walimu cha Wanazi, hilo halipimiki.

Klipu nazo zikaja kukatazwa. Watu wakabaki na miguu yao: Mjerumani akikaa kwenye tramu, wa pembeni anainuka anasimama, mpaka ikawekwa amri kwamba kusimama wakati viti vipo ni kosa.