Winnicott na kibapa cha chuma mezani

Wanasihi wanaoanza kazi na watoto huwa nawatanguliza kwa Donald Winnicott kabla ya Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi nafsia, yaani tiba ya mazungumzo inayochimbua hisia zilizofichika akilini. Alizaliwa Plymouth, Uingereza, mwaka 1896, na hata alipohitimu uchanganuzi nafsia hakuacha udaktari wa watoto. Alianza kazi katika hospitali ya watoto ya Paddington Green, London, mwaka 1923, akadumu hapo takriban miaka 40. Mwaka huohuo ndipo na yeye alipoanza kuchanganuliwa, yaani kuipokea tiba hiyo, kwa mchanganuzi James Strachey, kwa miaka kumi.

Kliniki yake ilikuwa hivi. Mama anaketi kando ya meza, amempakata mtoto wa miezi 5 hadi 13. Ukingoni mwa meza kuna kibapa cha chuma kinachong'aa, kile cha kukandamizia ulimi daktari anapokagua koo. Mama ameombwa asisaidie. Mtoto ananyoosha mkono, halafu anasita. Anamtazama daktari, anamtazama mama, pengine anaficha uso kifuani mwake. Taratibu hamu inamrudia: mate yanamtoka, anakitwaa, anakitafuna, anakigongagonga mezani, anataka hata kumlisha mama. Mwishowe kinamponyoka. Akiokotewa, safari hii anakitupa makusudi, na anafurahi kweli.

Kule kusita ndiko Winnicott alikokuandikia makala mwaka 1941. Ukimlazimisha mtoto kukitia kinywani wakati huo, atapiga mayowe. Binti mmoja wa miezi saba alibanwa na pumu palepale alipokuwa akisita. Alipokitwaa na kuanza kukichezea, kifua kikaachia. Kwa Winnicott huo ulikuwa ushahidi kwamba mtoto asiyejua hata kusema tayari ana hamu na hofu zinazogombana ndani yake, na mwili unayabeba hayo.

Hapa ndipo ninapowabana wanafunzi wangu. Mtoto akisita, ulimi unatuwasha: "Chukua basi, mbona unaona haya?" Nyamaza. Kusita kwake ni kazi anayoifanya, nawe umekuja kuiona.

Kwa watoto wakubwa alitumia penseli na karatasi. Yeye anachora mstari ovyo, mtoto anaugeuza uwe kitu, kisha wanabadilishana zamu. Wengine aliwaona mara chache tu. Kikao cha kwanza alikithamini mno, kwa kuwa mtoto huja na matumaini kwamba huenda leo amepata wa kumwelewa.