Mbuni mwitu: namna ya kuutambua msituni

Watu wengi wanaujua mbuni, yaani mti wa kahawa, wa shambani tu, ule uliopogolewa na kupandwa kwa mistari. Wa msituni mara nyingi ni kichaka chembamba kilichojificha chini ya miti mikubwa, na ni rahisi kuupita bila kuuona.

Anza na majani. Hukaa mawili mawili yakitazamana, na katikati ya vikonyo vyao pana jani dogo sana la pembetatu linalokumbatia shina. Geuza jani: kwenye pembe za mishipa, spishi nyingi zina vishimo vidogo ambamo utitiri huishi. Lakini usikate shauri hapo, kwa kuwa familia nzima ya mbuni, Rubiaceae, ambayo ni kubwa, ina majani yanayofanana na hayo. Tazama maua: ya mbuni ni meupe, yananukia vizuri, na huchipuka kwenye makwapa ya majani, ilhali mimea mingi inayofananishwa nao huchanulia nchani mwa tawi. Kisha pasua tunda bivu. Kwa kawaida utakuta punje mbili zilizolaliana kwa upande bapa, kila moja na mfereji uliozama ndani yake. Mfereji huo ndio ushahidi ninaouamini kuliko mwingine wowote.

Rangi ya tunda isikudanganye. Coffea pseudozanguebariae, spishi ya mbuni mwitu inayoota katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, huzaa matunda meusi yenye kuelekea zambarau, na punje zake hazina kafeini. Usikimbilie kuzikaanga, ni chungu mno! Usambara Mashariki ina Coffea mongensis, na vilima vya Taita vina Coffea fadenii. Jenasi ya Coffea, yaani kundi la mibuni yote, ina spishi zaidi ya 120, na biashara ya dunia karibu yote imeegemea mbili tu, arabika na robusta.

Arabika yenyewe ilitokana na robusta kuchanganyika kiasili na Coffea eugenioides, spishi ya porini inayopatikana eneo la Maziwa Makuu. Ndiyo maana ina kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli) 44, wakati wazazi wake wana 22 kila mmoja. Bado inaota yenyewe katika misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia.

Tofauti kubwa zaidi haionekani kwa macho. Arabika hujichavusha yenyewe, kwa hiyo hata mti mmoja huzaa. Spishi nyingi za mwitu haziwezi: chavua lazima itoke kwenye mti mwingine usio pacha wake. Msitu ukikatwa ukabaki mbuni mmoja kando ya shamba, utachanua kila baada ya mvua na kupukutisha maua bila tunda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa asilimia 60 hivi ya spishi za kahawa ya mwitu zimo hatarini kutoweka. Kwa hiyo ukiukuta mbuni mmoja, tafuta mwenzake kabla ya kuandika kwamba spishi hiyo bado ipo salama mahali hapo.