Miguu ikigoma, pima mkojo kwanza

Nimeulizwa tena swali lile lile: "Sista, jana alikwenda chooni mwenyewe, leo hata kusimama hawezi. MS imemshambulia tena, mbona hamumchomi steroidi?" Aliyeuliza ni binti wa mgonjwa wa MS (multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mfumo wa fahamu; steroidi ni dawa za kuituliza kinga hiyo), na simlaumu, yeye anamwona mama yake anazidiwa. Ninaowalaumu ni wenzangu tuliosoma pamoja, ambao huandika "shambulio jipya" kwenye faili kabla hawajamshika mgonjwa paji la uso kuona kama ana homa.

Kuzidiwa si lazima kuwe shambulio. Kinga ya mwili inapochubua mayelini, yaani utando unaofunika nyuzi za fahamu, kwenye ubongo, uti wa mgongo au mshipa wa fahamu wa jicho, panabaki kovu. Mgonjwa anaweza kupata nafuu akatembea, akasoma, akafanya kazi, lakini kovu lipo, na ujumbe unaopita hapo unapita kwa taabu. Chochote kitakachoongeza taabu hiyo kitarudisha dalili za zamani, hata kama ugonjwa wenyewe haujasogea. Shambulio la kweli lina masharti yake: dalili mpya, au za zamani zilizozidi, zidumu walau saa 24, siku 30 au zaidi ziwe zimepita tangu lile lililotangulia, na mgonjwa asiwe na homa wala maambukizi. Sharti hilo la mwisho ndilo linalorukwa kila siku.

Joto ndilo rahisi kulitambua. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza wagonjwa ambao macho yao yalififia wakijichosha kwa mazoezi, kisha yakarudi walipopumzika. Baadaye ikaeleweka kwamba kinachowasumbua ni joto la mwili kupanda, na nusu nyuzi tu inatosha. Kabla ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, madaktari walikuwa wakimtia mtu kwenye maji ya moto waone kama dalili zitajitokeza! Siku hizi tunafanya kinyume: feni, maji baridi ya kunywa, kitambaa kibichi shingoni, na subira. Nguvu zikirudi baada ya mwili kupoa, hakuna cha kutibu. Wala hiyo si sababu ya kumkataza mtu mazoezi. Anayeambiwa alale asijichoshe hupoteza misuli ambayo MS haikuwa imeigusa.

Kinachonikera hasa ni kibofu. Wagonjwa wengi wa MS hawamalizi mkojo, unaobaki unaoza, na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inakuja. Muuguzi anauliza, "Unasikia maumivu ukikojoa?" Mgonjwa anajibu hapana, fomu inajazwa, kibofu kinaachwa. Atasikiaje maumivu wakati ganzi imeanzia kiunoni? Kwa mgonjwa huyu UTI haiji na kuungua. Inakuja na miguu inayoruka usiku kuliko kawaida, misuli iliyokakamaa hadi kumvalisha suruali ni kazi, nepi zinazolowa haraka, mkojo mzito wenye harufu, au mtu mchangamfu aliyenyamaza ghafla na anayechanganya siku. Mara nyingine homa haipo kabisa. Ndiyo maana namuuliza anayemhudumia nyumbani kabla sijamuuliza mgonjwa mwenyewe. Yeye ndiye anayejua kwamba tangu juzi mguu wa kulia haukunjiki asubuhi.

Halafu kuna kosa la upande wa pili, nalo linanikera vilevile. Mtu anachovya kijiti cha kupimia kwenye mkojo, rangi inabadilika, anaandika antibiotiki. Mgonjwa anayeishi na mpira wa mkojo atakuwa na bakteria karibu wakati wote, na kijiti kitabadilika rangi hata siku anapojisikia vizuri kabisa. Bakteria wasioleta dalili hawatibiwi, kwa sababu ukiwatibu kila wanapoonekana unafuga bakteria sugu, na siku ya maambukizi ya kweli huna dawa. Chukua sampuli safi, mpira uliokaa muda mrefu ubadilishe kwanza, peleka maabara ikaoteshwe, kisha ndipo dawa ianze kama hali inadai.

Hapa nina shaka ambayo vitabu huipita haraka. Mgonjwa ambaye dalili yake pekee ni udhaifu wa miguu, na mkojo wake ni mchafu: je, mkojo ndio chanzo, au umekutwa tu njiani? Tunampa antibiotiki, baada ya siku kadhaa anasimama, tunapongezana. Inawezekana angesimama hata bila dawa. Tena maambukizi yenyewe yanaweza kuamsha shambulio la kweli, hivyo kuyapata hakujafunga mjadala. Nikishamtibu namfuatilia, na kama homa imekwisha, mkojo umesafika na miguu bado imegoma, narudi kwa daktari na kusema wazi kwamba sasa lifikiriwe shambulio.

"Lakini si tunachelewesha tiba?" Hapana. Methilprednisoloni, steroidi tunayotumia kwa shambulio, gramu 1 kwa dripu kila siku kwa siku 3 hadi 5, huharakisha nafuu. Haijaonyeshwa kubadilisha kiwango cha ulemavu kitakachobaki mwishoni. Kusubiri siku moja au mbili upate jibu la mkojo hakumnyimi mgonjwa kitu, ilhali kumpa steroidi mwenye maambukizi ni kuishusha kinga wakati anaihitaji. Bado hujahesabu sukari kupanda, usingizi kukimbia, na hasira ambazo familia haikuzitegemea. Na wanaoamini dripu ina nguvu kuliko kidonge wajue utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2015 ulilinganisha gramu 1 ya kumeza na gramu 1 ya mshipani, na ya kumeza haikuzidiwa.

Mengine yanayoweza kurudisha dalili niyapitie haraka. Geuza mgonjwa uangalie makalio na visigino, kidonda asichokihisi kinakakamaza misuli kama kile anachokihisi. Uliza choo alipata lini. Angalia hata kucha ya kidole gumba cha mguu iliyozama kwenye nyama.

Dawa zinataka utulivu zaidi. Kama baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, imeongezwa juzi, miguu iliyolegea ina maelezo: wapo wanaosimama kwa msaada wa ule ukakamavu, ukiuondoa wote wanaanguka. Na kama vidonge viliisha na hakuna aliyesema, jiandae kwa misuli kukaza, kuchanganyikiwa, hata degedege, kwa kuwa baklofeni haikatwi ghafla. Omba uone vidonge vyenyewe, si karatasi ya dawa.

Yako mambo ambayo hayasubiri mkojo. Jicho moja kupoteza uoni huku likiuma ukilizungusha, shida ya kumeza au kupumua, ganzi inayopanda mahali haijawahi kufika: mwite daktari hapo hapo, vipimo vya maambukizi vifanyike sambamba.

Kwa anayerudi na UTI kila mara, antibiotiki peke yake haimtoshi. Wengi hupunguza kunywa maji ili wasijikojolee, na hapo mkojo unazidi kukaa. Mwache akojoe, kisha pima kilichobaki kwa ultrasaundi. Kikizidi mililita 100, ni wakati wa kuzungumzia kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mdogo, mara kadhaa kwa siku. Karibu wote hukataa wanapoambiwa mara ya kwanza, hasa ambao mikono yao inatetemeka. Usiandike "amekataa" ukafunga faili. Mpe kioo, mkalishe vizuri, mwonyeshe taratibu, na kama mikono haiwezi, mfundishe mtu atakayemchagua yeye, si yule aliyejitokeza kwa sababu tu ndiye aliyemleta.