Je, wajua kwa nini bosi wa Kijapani hakati shauri kikaoni?

Muuza mitambo kutoka Marekani amemaliza maelezo yake katika ofisi moja ya Tokyo. Anamgeukia mkubwa, aliyeketi mbali kabisa na mlango kama ilivyo desturi, na kumuuliza wameamuaje. Mkubwa anajibu kwamba watalichunguza. Mgeni anaondoka akimwona kiongozi dhaifu. Wenyeji wanabaki wakishangaa pupa ya mgeni.

Uamuzi haufanyiki pale. Katika utaratibu uitwao ringi, pendekezo huandikwa na ofisa wa ngazi ya kati au ya chini, likazungushwa kwa idara zote litakazozigusa, kama fedha, manunuzi na uzalishaji. Kila mkuu hugonga muhuri wake, siku hizi mara nyingi kwenye kompyuta, ndipo pendekezo lipande juu. Kabla ya hapo mwandishi huwa ameshawaendea wahusika mmoja mmoja kusikiliza vipingamizi. Bosi akiamua papo hapo, amewaruka wote hao. Si kwamba hapewi heshima: katika baadhi ya ofisi, hasa benki, mdogo hugonga muhuri wake ukiwa umeinama kuelekea ule wa mkubwa!

Ndiyo maana vipimo vya Geert Hofstede, mtafiti Mholanzi aliyelinganisha tamaduni za nchi kwa namba, visisomwe harakaharaka. Katika kipimo chake cha umbali wa mamlaka, kinachoanzia karibu na 0 hadi takriban 100, Japani ina 54, Marekani 40. Namba hiyo inagusa namna watu wanavyoukubali ukubwa; haikuambii uamuzi unapikwa wapi. Utafiti wa kimataifa wa uongozi na utamaduni uitwao GLOBE, uliohoji mameneja wapatao 17,000 katika jamii 62, ulikuta uaminifu wa kiongozi ukisifiwa kote, lakini tahadhari na kujiamulia peke yako vikisifiwa huku na kulaumiwa kule.

Basi tuma bei na vipimo vya kiufundi siku kadhaa kabla ya kikao, kwa maandishi, maana vitanukuliwa kwenye pendekezo. Mtafute anayeliandika, ambaye kwa kawaida si bosi, umuulize ni idara gani ina wasiwasi. Ukimya ukitanda mezani, usiujaze kwa punguzo la bei. Kosa la gharama zaidi ni kubadili bei pendekezo likiwa linazunguka: mihuri yote iligongwa kwa bei ya zamani, kwa hiyo huenda likaanza upya. Likishapita, utekelezaji huenda kasi, na mara nyingi ni Mmarekani anayeomba muda.